Jozi za chembe, kuranti ya usiku na mwaka niliopoteza: uzoefu wangu wa memwari ya fizikia Bukavu

Nilitetea memwari yangu, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, mwaka 2023, mwaka mmoja kamili baada ya wenzangu wa promosheni. Tangu siku ile wanafunzi watatu wa fizikia wamenitafuta wakitaka kufanya kazi ya namna ileile, na nilipowasikiliza niliona wote watatu wanaelekea palepale nilipopotelea. Kwa hiyo naandika mara moja, kwa urefu, ili anayekuja nyuma asipoteze miezi niliyopoteza mimi.

Mada yangu ilikuwa uhusiano kati ya chembe mbilimbili zinazotoka katika mgongano wa viini vya atomi. Kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna mashine ya LHC iliyo ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Sehemu kubwa ya mwaka inagonganisha protoni, lakini kwa majuma machache inagonganisha viini vya metali ya risasi, kila kimoja kikiwa na protoni 82 na nyutroni 126. Migongano ya kwanza ya aina hiyo ilifanyika Novemba 2010, kwa nishati ya elektronivolti trilioni 2.76 kwa kila jozi ya nyukleoni, yaani protoni au nyutroni. Kwa muda mfupi kupita kiasi panazaliwa tone la kitu chenye joto zaidi ya mara 100,000 ya joto la katikati ya Jua, protoni na nyutroni zinayeyuka kuwa kwaki na gluoni, vijichembe vinavyoziunda, kisha tone linapanuka, linapoa, na maelfu ya chembe yanaruka kila upande. Tone lenyewe hakuna anayeliona. Tunachopata ni nyayo za chembe ndani ya kigunduzi, na katika nyayo hizo unauliza: chembe hii na ile, je, zinajuana?

Mwishoni mwa mwaka 2020 CMS, moja ya makundi ya watafiti wa LHC, lilifungulia watu wote data zake za risasi za 2010 na 2011. Huna haja ya kuwa mwanachama wala kulipa. Niliposoma habari ile nilikaa kimya kwa muda. Chuo chetu hakina hata kihesabu-chembe kinachofanya kazi, na leo naambiwa ninaweza kushika migongano ileile iliyoshikwa na madaktari wa fizikia wa Ulaya. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli, na sitaki mtu aipoteze kwa sababu ya yote nitakayoeleza hapa chini.

Jambo dogo la nyumbani kabla ya kuendelea. Mama yangu alinisikia kwenye simu nikisema “migongano ya risasi” na akaja mlangoni na uso umebadilika. Yeye ameishi Bukavu mwaka 1996 na mwaka 2004, miaka ya vita. Akaniuliza, “Mwanangu, risasi tena?” Nikamkalisha, nikamwambia ni madini, ile plombu ya kwenye betri ya gari. Tangu siku ile nyumbani kwetu tunasema plombu, na katika maandishi haya nitasema hivyohivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua mlango mgumu kabla ya kujua nyumba. Nilikuwa nimesoma habari za Robert Hanbury Brown na Richard Twiss, ambao mwaka 1956 walipima ukubwa wa nyota Sirius kwa kutumia vioo viwili vya taa kubwa za jeshi. Hawakulinganisha sura ya nyota, walilinganisha jinsi mwanga unavyopanda na kushuka kwa pamoja katika vioo vyote viwili. Mwaka 1960 Gerson Goldhaber na wenzake walichapisha jambo la jamii hiyo kwa pioni, aina ya chembe zinazotoka kwa wingi katika migongano: pioni mbili za chaji moja hupenda kutoka na momenta (nguvu ya mwendo, tungamo mara kasi) zinazokaribiana, na upana wa upendeleo huo unakuambia ukubwa wa mahali zilipozaliwa. Hesabu yake ni fupi. Chukua 197, gawa kwa ukubwa wa chanzo katika femtomita (mita iliyogawanywa mara milioni bilioni), na unapata upana katika MeV (elektronivolti milioni). Chanzo cha femtomita 6 kinatoa upana wa MeV 33 hivi. Nilivutwa sana na wazo la kupima kitu kidogo namna hiyo nikiwa Kadutu, mtaani kwetu Bukavu.

Nilitumia miezi mitatu huko. Ila MeV 33 ni upana mwembamba. Unahitaji kujua momenta kwa usahihi mkubwa, unahitaji kujua kwamba chembe yako ni pioni na si kaoni, chembe ya aina nyingine, na unahitaji kurekebisha msukumano wa chaji, kwa maana chembe mbili zenye chaji moja zinafukuzana zinapokaribiana mno. Direktere wangu, profesa aliyesimamia memwari, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kila hatua kati ya hizo inatosha kuwa memwari peke yake. Akanishauri nirudi kwenye uhusiano wa pembe. Nilitoka ofisini kwake na machozi. Alikuwa na haki. Kama ningempelekea mpango wa kurasa mbili kabla ya kuanza, angenizuia siku ya kwanza.

Uhusiano wa pembe unakwenda hivi. Kwa kila jozi ya chembe katika tukio moja, yaani mgongano mmoja, unachukua tofauti mbili: tofauti ya pembe ya kuzunguka bomba la mashine, inayoitwa fai, na tofauti ya mwelekeo wa mbele na nyuma kando ya bomba, inayopimwa kwa eta. Unajaza jedwali la visanduku, kila jozi ikihesabiwa katika kisanduku cha tofauti zake. Basi. Kwa kuona hivyo nilijiambia ni kazi ya wiki mbili.

Hapo nilikutana na uzito wa data zenyewe. Faili moja lilipita gigabaiti 3, na programu ya kulifungua ni ya zamani, inahitaji kompyuta ndani ya kompyuta. Nilinunua mega za mtandao usiku, nilianza kupakua, kuranti, yaani umeme, ikakatika asilimia 70, faili likaharibika. Nikarudia. Nilivuka mpaka hadi Kamembe, Rwanda, mara mbili kutafuta mtandao wa bei nafuu, na nauli, mega na kukaa mchana kutwa vilinila dola 60 bila kurudi na faili hata moja zima. Mwishowe rafiki aliyekuwa akisoma Kigali, mwenye mtandao mzuri, alinifanyia jambo ambalo ningelipaswa kumwomba tangu mwanzo. Alifungua mafaili kulekule, akachuja, akabakiza vitu vichache tu: kwa kila tukio, jinsi viini vilivyogongana kwa kati au kwa pembeni; kwa kila unyayo, eta, fai na momenta ya kukata bomba, yaani ya kwenda kando yake. Matukio 20,000, wastani wa nyayo 250 kwa kila moja baada ya kuchagua. Yote yaliingia katika faili la megabaiti 60 hivi, likaja kwenye flashi. Kwa hiyo, wewe unayeanza, usipakue bahari ukiwa na kikombe. Tafuta mtu mwenye mtandao, mpe orodha kamili ya safu unazotaka, na uifikirie orodha hiyo vizuri, maana ukisahau safu moja unarudi kumsumbua tena. Mimi nilisahau mahali pa mgongano, na utaona kilichofuata.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, dola 220. Kwetu Kadutu wakati ule kuranti ilikuwa inarudi kama saa tano za usiku na kuondoka alfajiri, na delestaji, yaani mgao wa umeme, haikuwa na ratiba. Mei 2021, Nyiragongo ulipotema moto na watu wa Goma wakakimbia, shangazi yangu alikuja kwa boti na watoto watano. Chumba changu kikawa chao, nami nikahamia sebuleni, nikifanya kazi na mwanga wa skrini umepunguzwa ili watoto walale. Nilikuwa na furaha wamefika salama, na nilikuwa nimechoka kiasi ambacho sikukiona mpaka baadaye.

Nyayo 250 zinatoa jozi 31,125. Zidisha kwa matukio 20,000 upate jozi zaidi ya milioni 622. Programu yangu ya Python ilipitia jozi moja moja, polepole, na haikuhifadhi chochote hadi mwisho. Usiku wa kwanza kuranti ilikatika baada ya kazi ya masaa manne, betri ikafa, kila kitu kikapotea. Usiku wa pili vilevile. Ilinichukua majuma kukubali kuandika mistari mitano ya kuhifadhi jedwali kila baada ya matukio 1,000, kisha kujifunza kufanya hesabu ya safu nzima kwa pamoja badala ya jozi moja moja. Kazi ya usiku mzima ikawa ya dakika chache. Ukiishi mji wenye delestaji, mistari hiyo mitano iandike kabla ya fizikia yoyote.

Sasa niseme juu ya usiku ninaoukumbuka kuliko wote. Mchoro wa kwanza kamili ulitoka saa tisa za usiku. Katikati kabisa, pale tofauti zote mbili ni sifuri, kulikuwa na mnara. Nilijua kwamba Septemba 2010 CMS walitangaza kuona tuta refu la uhusiano hata katika migongano ya protoni yenye chembe nyingi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kwa hiyo nilipoona mnara wangu, moyo ulianza kudunda. Nilimwandikia direktere saa ileile: “Papa Profesa, nimeona kitu.” Nilimpigia kaka yangu Uvira, nikamwamsha.

Asubuhi asistanti mmoja alinisikiliza, akauliza swali moja tu: “Ndani ya kisanduku kile cha katikati kuna jozi ngapi za ziada?” Nilirudi nikahesabu. Ziada ilikuwa karibu milioni 5. Chembe zote nilizokuwa nazo, 250 mara 20,000, ni milioni 5. Nilikuwa nimeipatanisha kila chembe na zote, pamoja na yenyewe. Ule mnara ulikuwa kila chembe ikijitambua yenyewe.

Aibu ile ilinikalisha nyumbani juma zima. Direktere hakunicheka. Alinijibu mstari mmoja, kwamba kila mtu wa fani hii amewahi kuupanda mnara ule, na kwamba bado sijaanza kugawa. Sikuelewa neno “kugawa” uzito wake.

Nilipoondoa jozi za chembe na yenyewe, mnara ukashuka, lakini likabaki umbo la pembetatu: jozi nyingi kwenye tofauti ndogo za eta, chache kwenye kubwa. Nikaandika kurasa nne kueleza maana yake kifizikia. Kurasa nne zote zilikuwa bure. Nyayo zangu zilikuwa kati ya eta hasi 2.4 na chanya 2.4. Fikiria watu wawili wamekaa kwenye benchi ya kanisa. Kuna mahali pengi pa kukaa wakigusana bega kwa bega, lakini kuna namna moja tu ya kuwa mbali kabisa: mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Pembetatu yangu ilikuwa urefu wa benchi. Haikusema lolote juu ya waliokaa.

Dawa inajulikana miaka mingi: unachukua chembe moja katika tukio hili na nyingine katika tukio lingine kabisa, ambazo haziwezi kuwa zimejuana, unajaza jedwali la pili, kisha unagawa la kwanza kwa la pili. Urefu wa benchi upo katika majedwali yote mawili, kwa hiyo unafutika. Nikachanganya matukio bila kuchagua, nikagawa. Pembetatu ikapungua, lakini yakabaki mabawa yaliyopinda pembeni, na kimo cha mchoro kikawa cha ajabu.

Mama anauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni Kadutu. Jioni moja, nikimsaidia kukunja, nilimweleza kazi yangu kwa bidhaa zake. Nikamwuliza, “Mama, ukiona wanawake wawili wamevaa kikwembe kimoja, utasema wametoka harusi moja?”

“Siwezi kusema. Kwanza nitauliza kikwembe kile kimeingia bale ngapi mwezi huu. Kama kimejaa mji mzima, wawili kukutana nacho si kitu.”

“Nami ndivyo ninavyofanya. Nachukua mwanamke wa siku hii na mwanamke wa siku nyingine, naona mara ngapi wanafanana bila kujuana.”

Akanyamaza akikunja. Halafu akasema, “Siku gani na siku gani? Jumamosi kuna harusi, Jumanne hakuna. Jumamosi uilinganishe na Jumamosi.”

Nilikuwa nikichanganya mgongano wa katikati kabisa, wenye nyayo mia sita na zaidi, na mgongano wa pembeni wenye nyayo thelathini. Jumamosi na Jumanne. Na si hilo tu: mgongano unaweza kutokea sentimita kadhaa mbele au nyuma ndani ya kigunduzi, na kila mahali kigunduzi kinaona kwa pembe tofauti, kama kuangalia soko ukiwa juu ya kilima au ukiwa bondeni. Ndiyo maana ya yale mabawa. Nililazimika kumwomba rafiki wa Kigali arudie kuchuja ili nipate mahali pa mgongano, safu niliyoisahau. Nikayapanga mahali pa mgongano kwa vipande vya sentimita 2 kando ya bomba, nikapanga matukio kwa ukati wao, nikachanganya tukio na mengine matano ya kundi lake tu.

Mchoro uliotoka safari hii niliutazama kwa woga, bila kumpigia mtu. Kando ya eta yote yalikuwa yamelala matuta mawili marefu: moja pale tofauti ya fai ni sifuri, lingine upande wa pili, nyuzi 180. Kati yao mabonde. Viini viwili vikigongana kwa pembeni kidogo, sehemu inayopishana ina umbo la kokwa ya embe. Msukumo ni mkali zaidi kuelekea upana wa kokwa, ule mfupi, kuliko urefu wake, kwa hiyo chembe nyingi zaidi zinaruka huko, pande zote mbili. Hilo linatokea tu kama kitu kile kinatiririka kama kimiminiko, kwa pamoja, kwa ulaini mkubwa. Watafiti wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walitangaza mwaka 2005 kwamba migongano yao ya dhahabu inatengeneza kimiminiko kinachokaribia ukamilifu. Nami nilikuwa nimeuona mtiririko huo kwa macho yangu, sebuleni, katika data zilizokuja kwa flashi.

Kipimo cha mtiririko nilichopata, kwa migongano ya kati kidogo na momenta ya GeV 1 hadi 2 (GeV moja ni MeV 1,000), kilikuwa karibu 0.13. Katika mchoro wa jozi namba hiyo inajizidisha yenyewe, na tuta linapanda juu ya wastani kwa mara mbili ya hapo: asilimia 3 na nukta kidogo. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Kitu chote nilichokuwa nikikitafuta ni asilimia 3. Jedwali la chini, lile la pili la kugawia, likikosea kwa asilimia 5, kitu hicho hakipo, au kipo kwa namba ya uongo. Mwaka mzima nilidhani kazi ni jedwali la juu, na lile la chini ni usafi wa mwisho. Kumbe muda wangu wote ulipaswa kwenda chini.

Jaribio moja lililonilinda nilijifunza kwa kuchelewa. Kabla ya kuamini mchoro wowote, chukua kila chembe na uipe pembe ya fai ya bahati nasibu, kisha endesha programu yote tangu mwanzo hadi kugawa. Hapo hakuna chembe inayojua nyingine kwa fai, kwa hiyo tuta na bonde lazima vifutike. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, lilibaki tuta dogo. Lilitoka kwenye kosa langu la kukunja pembe: tofauti ya nyuzi 350 ni sawa na nyuzi 10, na mimi nilikuwa nimeiacha 350 kwa baadhi ya jozi. Jaribio lile lilichukua dakika 20. Na bado kulibaki sindano nyembamba katikati ya mchoro halisi, ambayo kwa sehemu ni vifurushi vya chembe vinavyoruka pamoja, jambo la kweli, na kwa sehemu ni kigunduzi kuandika unyayo mmoja mara mbili. Nilizitupa jozi zilizokaribiana mno na kuandika wazi katika memwari kwamba nimezitupa.

Kuhusu gharama: kompyuta, mega, safari za Kamembe, uchapishaji na kujiandikisha tena mwaka wa ziada vilifika kama dola 700, na nusu yake ilikuwa mwaka wa ziada peke yake. Shangazi aliporudi Goma aliniachia dola 40, akasema ni za taa niliyozima kwa ajili ya watoto wake. Sikuwahi kuzihesabu kama msaada mdogo.

Siku ya kutetea, mjumbe mmoja wa juri aliuliza nitajuaje kwamba tuta langu si kasoro ya mashine. Niliweka mchoro wa pembe za bahati nasibu, tambarare kama ziwa asubuhi, pembeni ya mchoro wa kweli. Hakuuliza tena. Mama alikuwa amekaa safu ya nyuma na kikwembe kipya, na nilipotaja kuchanganya matukio ya kundi moja niliona anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei aliyoijua.

Faili lile la megabaiti 60 bado ninalo, pamoja na programu yote, makosa nikiwa nimeyaandikia maelezo. Anayelihitaji aje na flashi yake. Nitamwomba kitu kimoja kabla ya kurudi kwangu na mchoro wa jozi za tukio moja: aniletee kwanza jedwali la chini, lichorwe peke yake, na anieleze kila kona yake.